Askofu Frank Weston (1871–1924): Kutoka Kuteta hadi Kutetea

Kitenzi kutetea kimezaliwa na kitenzi kuteta. Kuteta ni kugombana, kubishana au kumsema mtu. Kiambishi cha kutendea kinapoingia, ugomvi ule ule hugeuka kuwa ulinzi, kwa kuwa mtu sasa huteta kwa ajili ya mwingine. Wapo watu ambao maisha yao yote ni ufafanuzi wa mnyambuliko huu mmoja, na miongoni mwao ni Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924. Nusu ya kwanza ya uaskofu wake aliteta, tena kwa ukali uliowachosha hata marafiki zake. Nusu ya pili alitetea, na waliofaidika na utetezi huo walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu ambao hawakuwa wa jimbo lake, wala wa dini yake, na wengi wao hawakupata kulisikia jina lake.

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kukutana na misheni yake katika mlango mwingine, yaani mlango wa lugha. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyoanzishwa baada ya mihadhara ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ilihamia Unguja mwaka 1864. Ni misheni hiyo iliyomleta Edward Steere, aliyeandika sarufi, akakusanya ngano za Unguja na kuanza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiunguja. Kanisa kuu la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Weston aliurithi ulimwengu huo: mahubiri kwa Kiswahili, matbaa ya Kiswahili, walimu waliosoma kwa Kiswahili, na juu ya yote kumbukumbu ya soko lile, ambayo kwa wanamisheni ilikuwa ni hoja na pia fahari. Fahari hiyo ndiyo iliyokuja kumsumbua baadaye.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1871 kusini mwa London, mtoto wa mfanyabiashara wa chai. Alisoma Dulwich, kisha Chuo cha Trinity, Oxford, alikohitimu theolojia kwa daraja la kwanza mwaka 1893. Angeweza kubaki Oxford akafundisha. Badala yake alikwenda Stratford, mashariki ya London, penye viwanda, nyumba za msongamano na wafanyakazi wa kutwa, akahudumu katika misheni ya chuo chake. Huko alivutiwa na mafundisho ya ujamaa wa Kikristo yaliyokuwa yakivuma wakati ule miongoni mwa makasisi vijana wa Uingereza. Mafundisho hayo yalishikilia kwamba ikiwa Mungu alitwaa mwili wa binadamu, basi namna mwili wa binadamu unavyolipwa, unavyolishwa na unavyolazwa ni jambo la ibada. Msingi huo hakuuacha kamwe. Baada ya miaka michache katika parokia ya Westminster, alifika Unguja mwaka 1898.

Mwaka aliofika ni wa kuzingatiwa. Ilikuwa ni mwaka mmoja tu tangu Serikali ya Zanzibar ilipoondoa hadhi ya utumwa katika sheria, yaani mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya, ambao kisheria ulikuwa bado wa Sultani, hatua kama hiyo haikuchukuliwa hadi mwaka 1907. Kwa hiyo kijana huyu alifundisha watu ambao neno mtumwa lilikuwa bado bichi masikioni mwao. Alishughulika na wanafunzi wa theolojia huko Mazizini, kisha tangu 1901 hadi 1908 aliongoza Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Kiungani ilikuwa shule ya mchanganyiko mkubwa: vijana wa Kibondei, wa Kiyao, wa Kinyasa na wengineo, lugha yao ya pamoja ikiwa Kiswahili. Weston alikijua Kiswahili vizuri, na alihubiri kwacho hadharani, akibishana na waliokuja kumsikiliza, wengi wao wakiwa Waislamu. Katika itikadi hakuwa rafiki wa Uislamu hata kidogo, na hili lisifichwe kwa ajili ya kumpamba.

Mwaka 1907 alichapisha kitabu cha theolojia kuhusu nafsi moja ya Kristo, nacho kikampatia heshima kwa wataalamu. Mwaka uliofuata alifanywa Askofu wa Zanzibar akiwa na umri wa miaka 37. Jimbo lake halikuwa kisiwa tu. Lilivuka bahari na kuingia Afrika Mashariki ya Wajerumani, hasa Bonde na Magila upande wa Tanga, na kusini hadi Masasi. Upande wa kaskazini lilipakana na jimbo la Mombasa, lililokuwa chini ya shirika jingine la Kianglikana, lenye desturi nyingine za ibada.

Mpaka huo wa kanisa ulifuata kwa kadiri fulani mpaka wa wakoloni uliochorwa mwaka 1886 na kukamilishwa mwaka 1890, ambao uliwapasua Wadigo vipande viwili. Wadigo wa Tanga wakawa watu wa Wajerumani. Wadigo wa Vanga, Msambweni, Gazi na Diani wakawa watu wa Waingereza. Munje, kijiji cha ufuoni katika eneo la Msambweni, kiliangukia upande wa Waingereza. Wakazi wake walikuwa wavuvi na wakulima wa minazi, Waislamu, wenye jamaa zao ng'ambo ya mpaka waliotembeleana nao kana kwamba mpaka haupo. Kikanisa, Munje haikuwa chini ya Weston. Ilikuwa katika eneo la Askofu wa Mombasa. Jambo hili dogo la ramani lina uzito katika habari inayofuata.

Kabla ya hapo, lakini, kuna kuteta. Mwezi wa Juni 1913, wamisheni wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika kituo cha Kanisa la Skoti, wakajadili namna ya kushirikiana. Maaskofu wawili wa Kianglikana walishiriki, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, na mwishoni wote wakala Chakula cha Bwana pamoja. Weston hakuwepo. Alipopata habari alighadhibika. Kwake yeye, kanisa lisilo na maaskofu lilikuwa limekosa kiungo cha lazima, na kushirikiana nalo meza moja ilikuwa ni kuikana imani. Aliwashitaki maaskofu wenzake hao kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka wahukumiwe kwa uzushi. Kesi hiyo ilijaza magazeti ya Uingereza kwa miezi kadhaa. Hatimaye Davidson alitoa majibu yenye tahadhari nyingi mno, hata watani wa London wakasema kwamba ibada ya Kikuyu imeonekana kumpendeza Mungu sana na isirudiwe tena. Mwaka 1915 Weston alikwenda mbali zaidi: alitangaza kuvunja ushirika na jimbo la Hereford huko huko Uingereza, kwa sababu askofu wake alimpa cheo mwanatheolojia ambaye Weston alimwona kuwa mpotovu. Askofu wa kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi akawa amelifungia mlango jimbo la kale la Kiingereza.

Watu wengi waliomwandika wamependa kusimulia mambo haya kama vichekesho. Si vichekesho. Yalionyesha kwamba mtu huyu alikuwa tayari kumkabili mkubwa yeyote bila kupima hasara, na kwamba alichokosa mpaka hapo ni kesi inayolingana na ukali wake.

Vita vya 1914 vilimletea kesi hiyo. Mapadre na walimu wa misheni waliokuwa upande wa Wajerumani walitiwa kizuizini. Wazungu walishikiliwa kama raia wa adui. Waafrika waliteswa kwa minyororo, kazi ngumu na viboko, na baadhi yao walikufa. Kwa upande wa Waingereza nako kulikuwa na taabu ya namna yake. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa katika nchi isiyo na barabara, ambamo mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa kichwani. Pwani ya Kwale iliviona mapema: mapigano yalitokea Gazi mwaka 1914, na mapambano makubwa ya Jasini, karibu na mpaka, yalikuwa Januari 1915. Katika muda wa vita vyote, wachukuzi waliotwaliwa na Waingereza walifikia mamia ya maelfu. Walikufa hasa kwa kuhara, malaria na njaa, na makadirio ya wanahistoria huifikisha idadi ya waliokufa karibu na laki moja. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyobaki ya kikosi hicho, Kiingereza kilichosagwa kwa meno ya Kiswahili.

Mwaka 1916 ilipohitajika nguvukazi ya wachukuzi kutoka Unguja, Weston hakuishia kulalamika kuhusu namna watu wanavyokamatwa. Alijitolea kukiunda na kukiongoza kikosi cha wachukuzi wa Zanzibar yeye mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu katika mwambao wa Bara wakati majeshi yalipokuwa yakiukaribia mji wa Dar es Salaam, uliotekwa Septemba mwaka huo. Kwa kazi hiyo alipewa nishani. Lililo kubwa kuliko nishani ni elimu aliyoipata. Maaskofu wengine wa Afrika Mashariki waliijua kazi ya kulazimishwa kwa kusoma taarifa. Weston aliijua kwa kuhesabu watu jioni na kuona nani hakufika kambini.

Baada ya hapo aliandika barua ya wazi kwa Jenerali Smuts kuhusu mateso ya Waafrika chini ya Wajerumani, ikachapishwa kama kijitabu ambacho jina lake liliwaita Waafrika hao watumwa weusi wa Prusia. Madai yake yalikuwa kwamba makoloni yasirudishwe kwa Ujerumani. Maandishi hayo yaliwafurahisha sana wakubwa wa London, waliokuwa wakitafuta sababu njema za kubaki na nchi walizoteka. Hapa inafaa kusema wazi kwamba kumsema adui wa taifa lako wakati wa vita ni utetezi wa bei nafuu. Aliyoyasema kuhusu viboko na minyororo yalikuwa ya kweli, lakini hayakumgharimu chochote, na yalimfanya, apende asipende, kuwa mdhamini wa utawala wa Kiingereza mbele ya Waafrika. Alikuwa amedai kwamba chini ya bendera ile nyingine mambo yatakuwa tofauti.

Hazikupita siku nyingi. Tarehe 23 Oktoba 1919, Serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza, chini ya Gavana Edward Northey, ilitoa waraka kwa maofisa wake wa wilaya, ukiwa umetiwa saini na John Ainsworth, aliyekuwa kamishna mkuu wa mambo ya wenyeji. Walowezi walikuwa wakiongezeka, wakiwemo askari wa zamani waliogawiwa mashamba, na vibarua walikuwa wachache baada ya vita, njaa na homa ya mafua ya 1918. Waraka uliwataka maofisa watumie kila ushawishi halali kuwatoa watu waende kufanya kazi mashambani. Uliwahusu pia wanawake na watoto, pale ambapo mashamba yalikuwa karibu na makwao. Machifu na wazee waliotakiwa kusaidia walipaswa kuangaliwa mwenendo wao, na wale wasiosaidia majina yao yapelekwe juu.

Hapakuwa na neno kulazimisha katika waraka huo. Ujanja wote ulikuwa hapo. Mtu yeyote aliyeishi kijijini alijua kinachotokea ofisa anapomshauri chifu, chifu anapomshauri mzee wa mtaa, na mzee anapofika mlangoni pa mtu na ushauri huo. Ushawishi unaposhuka ngazi tatu hufika chini ukiwa amri. Agizo lilihusu nchi nzima. Vijiji kama Munje havikutajwa, wala havikuachwa. Pwani ya kusini nako kulikuwa na mashamba ya makampuni, hasa katika maeneo ya Gazi, yaliyohitaji mikono ya watu ambao tayari walikuwa na minazi, mihogo na bahari yao wenyewe, na hawakuona sababu ya kuiacha. Isitoshe, miaka 12 tu ilikuwa imepita tangu hadhi ya utumwa iondolewe katika ukanda huo. Mzee wa miaka 50 katika pwani hiyo aliweza kukumbuka hali zote mbili.

Ni haki kuwataja waliotangulia kusema. Mwezi wa Novemba 1919, Askofu Heywood wa Mombasa, Askofu Willis wa Uganda na Dakta John Arthur wa misheni ya Kanisa la Skoti huko Kikuyu walitoa tamko la pamoja kuukosoa waraka. Waliieleza vizuri hatari ya ushawishi unaogeuka amri, na madhara kwa familia na mashamba ya wenyeji. Hata hivyo hawakuipinga kazi ya kulazimishwa yenyewe. Walikubali kwamba inaweza kuwa halali, ili mradi iwe wazi, iwekewe sheria na mipaka, na itumike kwanza kwa shughuli za serikali. Msomaji atakuwa ameyatambua majina. Willis ndiye aliyeshitakiwa uzushi na Weston mwaka 1913. Arthur alikuwa wa kituo kile kile cha Kikuyu ambacho meza yake Weston aliikataa. Ingetarajiwa kwamba katika shauri hili wahasimu wa zamani wangesimama pamoja. Walisimama upande mmoja, lakini Weston alisimama mbali zaidi yao.

Mwaka 1920 alichapisha kijitabu kingine, na safari hii jina lake liliwageukia Waingereza wenyewe: watwana wa Uingereza. Neno alilolichagua lilikuwa la makusudi. Katika historia ya Ulaya lilimhusu mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake, si huru wala si mtumwa wa sokoni. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba kumlazimisha mtu kumfanyia kazi mtu mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni dhambi, na dhambi haigeuki kuwa halali kwa kuwekewa kanuni nzuri. Swali la siku ngapi, ujira gani na mbali kiasi gani, ambalo wenzake walilijadili kwa makini, kwake lilikuwa limekuja kabla ya wakati. Alikumbusha pia madai yaliyokuwa yametolewa na Uingereza mbele ya mataifa, kwamba inatawala kama mdhamini wa watu wasioweza kujilinda. Mtu aliyekwisha kuyaandika yale kuhusu Prusia hakuweza kuyameza haya bila kujikana.

Mafundisho ya Biblia yaliyomwongoza yanafahamika kwa msomaji wa Agano la Kale. Katika sura ya 31 ya Mithali, mama yake mfalme Lemueli anamhimiza mwanawe asinyamaze pale haki ya wasio na sauti inapoamuliwa. Esta, aliyekuwa salama ndani ya jumba la mfalme wa Uajemi, anaingia asipoitwa ili kuwaombea jamaa zake walioko nje. Nathani anamwendea Daudi na kisa cha mwana-kondoo wa maskini. Katika habari zote hizi anayesema yuko karibu na kiti cha enzi, na ukaribu huo ndio mtaji wake na ndio hatari yake. Weston alikuwa na mtaji huo. Alikuwa Mwingereza, mhitimu wa Oxford, meja mwenye nishani, askofu ambaye magazeti yalimjua kwa ubishi wake. Mwaka huo huo wa 1920 alikuwa London kwa ajili ya mkutano wa maaskofu wa Lambeth, na aliyaeleza mambo ya Kenya kwa waliotaka kusikia na kwa wasiotaka. Katika mkutano huo huo, jambo la kushangaza, alikuwa mmoja wa waliosaidia kupatikana kwa wito wa umoja wa Wakristo wote, yeye aliyekuwa amewafungia milango wenzake miaka mitano nyuma.

Lakini habari ya Esta ina tofauti moja na habari ya Weston, na wahakiki hawapaswi kuipita. Esta alisema kwa ajili ya watu wake. Weston alisema kwa ajili ya watu ambao si wake kwa rangi, na wale wa Munje na Msambweni si wake hata kwa jimbo wala kwa dini. Je, watu hao walikuwa bubu? Jibu la historia ni hapana. Huko Ugiriama, kaskazini mwa Mombasa, Mekatilili wa Menza alikuwa amesimama hadharani mwaka 1913 kupinga kutolewa kwa vijana wakafanye kazi na kuhamishwa kwa watu, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi. Alisema kwa Kigiriama, kwa sauti kubwa, na Serikali ilimsikia vizuri kiasi cha kumwogopa. Kilichokosekana Kenya hakikuwa vinywa. Zilikosekana njia za kutoka kwenye vinywa hivyo hadi mahali ambapo sheria zinatungwa. Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Weston mwenyewe hakuliona jambo hili kwa ukamilifu. Aliwaandika Waafrika kama wanyonge wanaohitaji mlinzi, kwa lugha ya ubaba iliyokuwa ya kawaida kwa wakati wake, na upendo wake kwao ulikuwa na ukali wa mwalimu mkuu wa Kiungani. Kijitabu chake kilielekezwa kwa wasomaji wa Kiingereza. Kwa mtu aliyeishi kwa Kiswahili miaka zaidi ya 20, hilo ni jambo la kutafakari, ingawa sababu yake ni rahisi: waliokuwa na uwezo wa kuufuta waraka walikuwa London.

Na London ilianza kusogea. Baraza la Malodi lilijadili suala hilo Julai 1920. J. H. Oldham, katibu hodari wa mashirika ya misheni, alikusanya saini za watu wakubwa wa makanisa na siasa, na Desemba 1920 ujumbe ulioongozwa na Askofu Mkuu Davidson ulipeleka malalamiko kwa Lodi Milner, Waziri wa Makoloni. Oldham alikuwa mtu wa kamati na mapatano; Weston alikuwa mtu wa kupiga kelele. Ni vigumu kuamini kwamba kamati zingefika mbali bila kelele zile, kwa sababu kijitabu cha Weston kilizifanya hoja za wastani zionekane za wastani. Wakati huo Nairobi ilikuwa imeendelea na njia yake: sheria ya 1920 iliruhusu Serikali kuwatumikisha watu kwa malipo hadi siku 60 kwa mwaka katika kazi za umma, juu ya zile siku 24 za kazi ya jamii bila malipo ambazo machifu walikuwa na uwezo wa kuzidai tangu sheria ya 1912.

Mwezi wa Septemba 1921 Waziri mpya wa Makoloni, Winston Churchill, alituma maagizo. Maofisa wa Serikali wasishiriki tena kuwatafutia waajiri binafsi vibarua. Kazi ya kulazimishwa kwa ajili ya Serikali ibaki kwa shughuli za lazima, na kwa kibali cha Waziri kilichotolewa mapema. Northey aliondolewa mwaka 1922. Ushindi huo haukuwa kamili. Kodi ya kibanda ilibaki, nayo iliwatoa watu makwao vizuri kuliko waraka wowote, na kipande kilichoanza kutumika baada ya vita kiliwafuata hadi mashambani. Watu wenyewe walianza kusema kwa njia mpya: mwaka 1921 Harry Thuku aliwakusanya vijana wa Nairobi dhidi ya kupunguzwa kwa mishahara, kodi na kipande, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliokusanyika kumdai walipigwa risasi. Upinzani wa kimataifa dhidi ya kazi ya shuruti ulichukua sura ya mkataba mwaka 1930, katika Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva, miaka sita baada ya Weston kufa.

Mwaka 1923 alirudi Uingereza kwa mara ya mwisho, kuwa mwenyekiti wa kongamano kubwa la Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki katika ukumbi wa Albert. Kama kawaida yake alizusha mtafaruku, kwa kuunga mkono salamu zilizopelekwa kwa Papa wa Roma. Hotuba yake ya kufunga ndiyo inayokumbukwa zaidi. Aliwaambia wasikilizaji, waliokuwa wapenzi wakubwa wa ubani, mishumaa na tabenakulo, kwamba ibada yao kwa Kristo altareni haina maana wakimdharau Kristo aliye katika vijumba vya maskini na katika miili ya wanaonyonywa kwa kazi. Hilo lilikuwa somo la Stratford la mwaka 1893, likiwa limepitia Kiungani, katika kambi za wachukuzi na katika waraka wa Northey. Wengi katika ukumbi ule walikuwa wamekuja kusikia habari za ibada.

Alirejea jimboni na kuendelea na safari zake za miguu Bara. Mwishoni mwa Oktoba 1924 alikuwa Hegongo, karibu na Magila, akiugua jipu lililotia sumu damuni. Alifariki hapo tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo kanisa lake huwakumbuka marehemu wote, akiwa na umri wa miaka 53. Masista wa shirika alilolianzisha mapema katika uaskofu wake waliendelea na kazi za uuguzi na shule katika jimbo hilo kwa miaka mingi.

Mwaka huo huo wa 1924, Serikali ya Kenya ilikubali kwamba maslahi ya Waafrika yanahitaji msemaji katika Baraza la Kutunga Sheria, ikamteua Dakta Arthur wa Kikuyu, mmisheni Mzungu, kuwasemea. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza hilo mwaka 1944.